Kuacha unga: Arosto ni wiki moja, hatari iko baada yake



Ndugu msomaji, kila unapoingia mwezi wa Shaaban, nyumba nyingi hapa Unguja, kuanzia Mji Mkongwe na Ng'ambo hadi vijiji vya kaskazini vyenye mahoteli, huwa na azma moja isiyotangazwa: kwamba Ramadhani hii lazima kijana wao aache unga. Mama ananuia, kijana mwenyewe anaapa, na mjomba anaitwa kutoka shamba aje kusimamia. Azma hiyo ni njema na tusiivunje moyo. Ramadhani humtenga mtu na maskani yake, humrejesha msikitini, na humpa sababu ya kujizuia ambayo nyumba nzima inashiriki naye.

Tatizo ni kwamba familia nyingi hujitayarisha kwa wiki ya kwanza tu. Arosto ikipita, kijana akaanza kula na kulala, huhesabiwa kuwa amepona. Mlango hufunguliwa, hupewa fedha za nguo ya sikukuu, na ni katika siku hizo za sikukuu ambapo kete moja tu inaweza kumuua mtu ambaye kabla ya Ramadhani alikuwa akitumia kete kadhaa kwa siku na hafi. Makala hii inaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na nini familia ifanye kabla, wakati na baada ya arosto.

UNGA UNAFANYA NINI MWILINI

Unga tunaouzungumzia ni heroini, dawa inayotokana na afyuni. Hapa kwetu uliingia kwa wingi kuanzia miaka ya 1980, wakati biashara na utalii vilipofunguliwa. Ule wa mwanzo ulikuwa wa rangi ya udongo, na watumiaji waliuvuta, mara nyingi wakiuchanganya na tumbaku au bangi. Baadaye, kuelekea miaka ya 2000, ukaja mweupe unaoyeyuka kwa urahisi katika maji, na hapo sindano ikaenea. Mabadiliko hayo ya rangi yalileta msiba wa pili juu ya wa kwanza, nao ni UKIMWI na homa ya ini, jambo tutakalolirudia.

Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili wa mwanadamu kutengeneza wenyewe kitu cha kutuliza maumivu na kuleta utulivu. Heroini huingia na kukaa mahali pale pale ambapo kitu hicho hufanyia kazi, lakini kwa nguvu kubwa mno. Mtu akitumia kila siku kwa wiki kadhaa, mwili hujipanga upya kana kwamba unga ni sehemu yake. Dozi iliyomtosha jana leo haimtoshi, naye huongeza. Na unga ukikosekana, mwili unabaki hauna kinga yake wala hauna ule wa bandia, hivyo kila kitu kinauma kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo wazazi wengi wanaposhindwa kumwelewa mtoto wao. Wanajiuliza vipi kijana anayempenda mama yake achukue pete yake, au jiko la gesi, au viatu vya watu msikitini. Wanadhani anatafuta starehe. Mtumiaji wa muda mrefu starehe alishaiacha zamani; anachofanya kila asubuhi ni kuikimbia arosto. Hili si kumhalalishia wizi, kwani haki ya mtu ni haki ya mtu na italipwa. Lakini ukijua anachokimbia, utajua pia kwa nini kipigo hakijamponyesha hata mmoja.

Ama hukumu ya unga haina utata. Aya za 90 na 91 za Suratul Maida zinatosha katika kuharamisha ulevi, na wanachuoni wameingiza humo kila kinachoondoa akili. Hata hivyo, tukumbuke pia kisa kilichopokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Umar bin Khattab (RA), cha mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa Mtume (SAW) kwa kosa la kunywa. Sahaba mmoja alipomlaani, Mtume (SAW) alimkataza, na akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu alipewa, lakini laana alikatazwa asipewe. Nani kati yetu anafanya hivyo kwa mtoto wa jirani anayeitwa teja tangu barazani hadi sokoni?

WIKI YA AROSTO

Kwa heroini, arosto huanza kati ya saa sita na saa kumi na mbili baada ya kutumia mara ya mwisho. Huanza na miayo isiyokwisha, machozi, makamasi na jasho. Kisha huja vipele vya baridi mwili mzima, maumivu ya mifupa na kiuno, tumbo kusokota, kuharisha, kutapika, na kukosa usingizi kabisa. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu zaidi. Kwa wengi, kufikia siku ya tano hadi ya saba makali huwa yameshuka, ingawa usingizi mbaya, uchovu na huzuni huweza kubaki kwa wiki nyingi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, arosto ya unga peke yake kwa kawaida haiui. Kinachoweza kuua ni kukaukiwa maji kwa sababu ya kuharisha na kutapika. Kwa hiyo mgonjwa anahitaji maji mengi, maji ya chumvichumvi ya pakiti yale yale tunayowapa watoto wanaoharisha, uji mwepesi, supu, maji ya madafu, na mtu wa kukaa naye. Mpe chakula kidogo kidogo. Muogeshe maji ya uvuguvugu au mwache aoge mara nyingi atakavyo. Wengi husema maji ya moto kidogo hupunguza maumivu ya mifupa. Badilisha shuka kila siku, kwani jasho na matapishi humwongezea dhiki na humzuia kuwa tohara kwa ajili ya swala.

Je, afunge? Aliye katika arosto ni mgonjwa, na mgonjwa ameruhusiwa kula na kuzilipa siku hizo baadaye (Al-Baqara, aya ya 184 na 185). Kumlazimisha mtu anayeharisha mara kumi kwa siku akae bila maji tangu alfajiri hadi magharibi ni kumtia katika hatari ambayo dini haikumtaka aingie. Kama azma ni kufunga Ramadhani akiwa safi, basi arosto imalizwe Shaaban, si kuanzwa usiku wa mwezi kuandama.

Kumfunga mnyororo au kumfungia chumbani kwa kufuli na kumwachia sahani mlangoni ni jambo ambalo bado linafanyika, na linafanywa na watu wenye huruma waliokata tamaa. Lina madhara mawili. Akizidiwa, hakuna atakayejua hadi asubuhi. Na akitoka, hutoka na hasira badala ya shukurani, na mahali pa kwanza anapozipeleka hasira hizo ni maskani.

Kuna watu watatu ambao hawafai kabisa kuachishwa nyumbani, tafadhali zingatia. Wa kwanza ni anayekunywa pombe kwa wingi kila siku. Wa pili ni anayemeza valiamu au vidonge vingine vya usingizi kila siku, na wapo watumiaji wa unga wanaochanganya vyote viwili. Hawa wakikatisha ghafla wanaweza kupata degedege na kufa, tofauti na wa unga pekee. Wa tatu ni mwanamke mjamzito. Arosto inaweza kumtoa mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Wote hawa mahali pao ni hospitali, na daktari aambiwe ukweli wote bila kuficha jina la kitu chochote.

SIKUKUU

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tumesema kuwa mwili uliozoea unga huhimili dozi kubwa. Uwezo huo hauganda. Mtu akikaa siku chache tu bila unga huanza kupungua, na baada ya wiki kadhaa unakuwa umeondoka kwa sehemu kubwa. Kumbukumbu yake, hata hivyo, haijaondoka: anakumbuka vizuri kuwa zamani alihitaji kiasi gani. Basi siku akiteleza hutumia kiasi kile kile, katika mwili ambao umekuwa kama wa mgeni. Unga hupunguza pumzi. Kwa dozi hiyo pumzi husimama.

Ndiyo maana vifo vingi hutokea kwa watu waliotoka kuacha: aliyetoka gerezani, aliyetoka nyumba ya kuachia, aliyetoka shamba kwa mjomba, na aliyemaliza Ramadhani. Kijana lazima aelezwe hili waziwazi, kwa sauti ya upole, na asielezwe kama kitisho. Wazazi wengine huogopa kwamba kumweleza ni kama kumpa ruhusa. Sioni hivyo. Kijana anajua unga upo. Asichojua ni kwamba mwili wake umebadilika.

Dalili za aliyezidisha ni hizi: haamki hata ukimfinya au ukimsugua kifuani, anapumua polepole sana au anakoroma kama mtu anayezama, midomo na kucha vinageuka rangi ya samawati, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Usimwache eti amelala atazinduka. Mwite kwa sauti, na kama hapumui au pumzi zinachelewa, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua na umpulizie pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano hivi, huku mwingine akitafuta gari la kumpeleka Mnazi Mmoja au hospitali iliyo karibu zaidi. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu ili matapishi yasimkabe. Maziwa, ambayo sisi hukimbilia kwa kila sumu, usimpe. Mtu asiye na fahamu kitu chochote cha mdomoni huingia mapafuni. Kumtia kwenye maji ya baridi au kumdunga maji ya chumvi pia hakusaidii. Hospitalini taja neno heroini mara tu mnapofika, kwa sababu ipo dawa ya naloksoni inayoondoa nguvu ya unga kwa dakika chache, na daktari asiyeambiwa hupoteza muda akitafuta malaria. Nguvu ya naloksoni huisha mapema kuliko ya unga, hivyo mgonjwa akizinduka asikimbizwe nyumbani.

KIDONGO CHEKUNDU NA NYUMBA ZA KUPATIA NAFUU

Zipo njia mbili kubwa hapa kisiwani baada ya arosto, au badala ya kuipitia kwa dhiki.

Ya kwanza ni methadoni. Tanzania ilianza kuitoa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi Februari 2011, ikawa ya mwanzo katika Afrika bara kusini mwa Sahara kuwa na mpango wa serikali wa aina hiyo. Zanzibar ikafuata mwaka 2015, katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Ni dawa ya maji, mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku. Inakaa mwilini siku nzima au zaidi, kwa hiyo arosto haimjii na hamu ya unga hutulia. Hana haja ya kuamka akitafuta fedha za kete, wala hana haja ya sindano.

Watu huuliza: si ni kumtoa kwenye ulevi na kumtia kwenye ulevi? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Methadoni iko katika jamii moja na heroini, na mtu akiiacha ghafla atapata arosto yake, tena ndefu. Tofauti ni kwamba anayepewa kipimo sahihi halewi. Anafanya kazi, anaendesha nyumba, anaswali akijua anachosema. Dawa inapimwa, inajulikana nguvu yake, na daktari anaweza kuipunguza taratibu kwa miezi au miaka. Mwenye shaka ya kisheria amuulize shekhe anayemwamini, lakini kwanza amweleze sawasawa methadoni ni nini, maana jibu hufuata swali. Binafsi nimeona wanaoikataa kwa hoja hii mara nyingi ni jamaa, si mgonjwa.

Anayetumia methadoni asiikatishe kwa ajili ya Ramadhani bila kuzungumza na wahudumu wake. Saa ya kunywa, kipimo, na uwezo wake wa kufunga ni mambo ya kupangwa nao mapema, Shaaban haijaisha. Na kama atakuwa miongoni mwa wanaoruhusiwa kuchukua dawa nyumbani, chupa hiyo ifungiwe. Kipimo cha mtu mzima aliyezoea kinaweza kumuua mtoto aliyedhani ni sharubati.

Njia ya pili ni nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba. Zilianza Unguja mwaka 2009, na waliozianzisha walikuwa wenyewe wametoka kwenye unga, akiwamo Suleiman Mauly ambaye jina lake linajulikana sana katika kazi hii. Huko mtu hukaa miezi kadhaa, mbali na maskani, pamoja na wenzake waliopita alipopita. Siku ina ratiba: swala tano, usafi, kupika, vikao vya kuzungumza, na zile hatua kumi na mbili zilizoanzia kwa walevi wa pombe Marekani katika miaka ya 1930. Asiogope mtu kusikia Marekani. Ukiziangalia, hatua hizo zinamtaka mtu akiri udhaifu wake, amtegemee Mola, ahesabu makosa yake, na awarudishie watu haki zao. Muislamu anazifahamu kwa jina la toba. Waislamu wa Baltimore, huko huko Marekani, waliziandika upya kwa misingi ya Kiislamu mwaka 1989 na kuziita Millati Islami.

Nguvu ya soba ni yule mtu wa kando yako. Mzazi akisema "najua unavyoumia," kijana anajua kuwa hajui. Akisema hivyo mtu aliyelala Funguni au Darajani miaka mitano, anasikilizwa. Udhaifu wake ni kwamba familia huchangia gharama, na si kila nyumba inamudu. Na nyumba za wanaume ni nyingi kuliko za wanawake. Mwanamke anayetumia unga hapa kwetu hufichwa, hufukuzwa, au huachwa mikononi mwa mwanamme anayemuuzia. Familia yenye binti wa namna hiyo isisubiri hadi mtaa ujue. Kidongo Chekundu kinapokea wanawake pia.

DAMU, NDOA NA SINDANO

Katika wakazi wote wa Zanzibar, wenye virusi vya UKIMWI ni chini ya mmoja katika kila watu mia. Lakini uchunguzi wa mwaka 2007 miongoni mwa wanaojidunga Unguja ulikuta 16 kati ya 100, na ule wa 2012 ukakuta kiasi cha 11. Homa ya ini aina ya C ilikutwa kwa takriban mmoja kati ya wanne katika miaka yote miwili. Sababu ni sindano moja kupita mikono mingi. Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 2000, ilielezwa hata tabia ya mtu kuvuta damu yake kwenye bomba baada ya kujidunga na kumpa mwenzake mwenye arosto ajidunge damu hiyo, akitumai kupata mabaki ya unga.

Kwa hiyo kuacha ni pamoja na kupima: virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kifua kikuu. Dawa za kurefusha maisha hutolewa bure. Homa ya ini B ina chanjo kwa wale wa nyumbani ambao hawajaambukizwa.

Hapa nitaje desturi moja ambayo naona ni dhulma. Kijana akikaa miezi miwili bila unga, wazee husema: mwozesheni, atatulia. Hutafutwa binti wa shamba asiyejua habari zake. Ndoa haitibu unga, na binti yule anaweza kuletewa maradhi ndani ya nyumba yake ya halali. Kuficha aibu ya namna hii kwa walii wa mke ni kuficha kasoro ambayo ana haki ya kuijua. Kijana apimwe, akae muda wa kutosha, na upande wa pili uambiwe.

Nyumbani, ukikuta sindano usiitupe kwenye jaa wala chooni, na usijaribu kuirudishia kifuniko. Ishike upande wa bomba, uitie katika kopo gumu lenye kifuniko, uipeleke kituo cha afya. Jipu linalotokana na kudungwa lisikamuliwe; lioshwe kwa maji safi na sabuni, lifunikwe, na aende kwa daktari, hasa akipata homa.

BAADA YA HAPO

Miezi ya mwanzo, saa mbaya ni baada ya Isha. Mchana una shughuli, usiku una maskani. Panga mtu wa kuwa naye saa hizo, iwe darsa, mpira barazani, au kazi ya duka. Fedha taslimu asipewe nyingi, na hilo alikubali mwenyewe mapema ili lisiwe tuhuma. Namba za simu za zamani zifutwe. Msikitini apewe nafasi katika safu bila macho ya watu kuhamia kwenye viatu vyao. Imamu anaweza kulifanya hili kwa kumpa kijana kazi ndogo, kama kujaza maji ya udhu au kukunja mikeka.

Na akiteleza, kwani wengi huteleza kabla ya kuacha moja kwa moja, usisubiri Ramadhani ijayo. Usimwambie kuwa yote yamepotea, kwa sababu miezi aliyokaa safi haikupotea. Muulize alitumia nini, kiasi gani na lini, na umpeleke Kidongo Chekundu au umrejeshe soba asubuhi ya siku ya pili, kabla arosto haijamtoa tena nyumbani.